Kabla hujagusa kalkuleta: namna ya kupiga asaimenti za kemia, hesabu, fedha, takwimu na kompyuta

Wadogo zangu mlioko chuo, hasa nyie wa mwaka wa kwanza, hii ni yenu. Ukipita vimbweta jioni utakuta watu wako diskasheni, huyu ana swali la taitresheni, yule ana NPV (thamani ya mradi ukileta pesa zake zote kwenye leo), mwingine kodi yake ya programu imegoma, na karibu wote wanafanya kitu kimoja, wanapekua madesa kutafuta swali linalofanana na lao, wakilipata wanabadilisha namba, wanatoa jibu, wanapiga mistari miwili chini, wanahamia swali linalofuata. Asaimenti inapita vizuri tu. Alafu inakuja tesiti, lekchara kageuza swali kidogo, kilichokuwa kinatafutwa sasa hivi umepewa na ulichokuwa umepewa ndo unatafuta, hapo ukumbi mzima kimya, watu wanaangalia dari.

Nimekaa na watu wengi kwenye masomo haya na ninachokiamini ni kwamba hayo masomo matano yanatofautiana majina, ila mtu anayeyaweza anafanya mambo yaleyale mawili kwenye yote. Kabla ya kukokotoa anajua jibu litakuwa la aina gani na litakaribia ngapi. Baada ya kukokotoa analirudisha jibu kwenye swali aone kama swali linalikubali. Huko katikati kwenye fomula ndo sehemu rahisi, fomula zipo hata kwenye simu. Ila hizo ncha mbili hakuna anayekufanyia, na ndo zinazoachwa.

Mistari mitatu kabla ya chochote

Chukua karatasi, sio simu. Soma swali mara mbili, mara ya pili ukiwa na kalamu. Mstari wa kwanza andika ulichopewa, kila namba na kipimo chake, usiandike 25 peke yake, andika 25 cm³ au shilingi 25 au wanafunzi 25, namba bila kipimo haikwambii kitu. Mstari wa pili andika kinachotafutwa na kipimo chake. Mstari wa tatu andika makisio yako, hata ya hovyo, "itakuwa chini ya gramu 5", "itakuwa hasi", "itakuwa kati ya 0 na 1". Huo mstari wa tatu ndo watu wanaouruka kwa sababu unaona kama unapoteza muda, ila ndo utakaokuokoa saa sita usiku ukiwa umechoka na kalkuleta imekupa 4400 badala ya 4.4.

Alafu fanya kazi kwa herufi mpaka mwisho kabisa, namba weka mwishoni. Ukiweka namba mapema unakata desimali njiani na pia msahihishaji haoni ulikosea wapi, kwahiyo hata alama za njia zinakupita. Vyuo vyetu vingi asaimenti na tesiti zinabeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, alama mbili mbili za njia mpaka semista iishe zinaweza kuwa ndo tofauti ya kupita na kula sapu, ule mtihani wa marudio.

Kemia: hesabu moli, usihesabu gramu

Shida nyingi za hesabu za kemia zinatoka sehemu moja, mtu anachukua gramu za huku anazilinganisha na gramu za kule moja kwa moja. Mlinganyo wa kemia hauongei gramu, unaongea moli, yaani idadi ya chembe zilizohesabiwa kwa mafungu yanayolingana. Kwahiyo safari ni ileile siku zote: ulichopewa kigeuze kiwe moli, tumia mlinganyo uliosawazishwa kwenda moli za kitu unachotafuta, alafu geuza moli hizo ziwe kile swali lilichotaka, gramu, ujazo au mkolezo.

Tuchukue swali. Gramu 10 za chokaa ya mawe, CaCO₃, zimewekwa kwenye 100 cm³ za asidi HCl yenye mkolezo 1 M (moli 1 kwa kila dm³). Utapata gramu ngapi za CO₂? Mlinganyo ni CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂.

Anayekimbia anaona gramu 10 gawanya kwa 100, uzito wa moli moja ya CaCO₃, ni moli 0.1, kwahiyo CO₂ moli 0.1, mara 44 ya uzito wa moli yake, gramu 4.4, kamaliza. Sasa mbona asidi hajaiangalia? Asidi ni 1 M kwenye 0.100 dm³, yaani moli 0.1. Mlinganyo unasema kila moli moja ya CaCO₃ inataka moli mbili za HCl, kwahiyo kumaliza chokaa yote unahitaji moli 0.2 za asidi na wewe unayo 0.1 tu. Asidi inaisha kwanza. Moli 0.1 za asidi zinakula moli 0.05 za chokaa na zinatoa moli 0.05 za CO₂, ambazo ni gramu 2.2. Nusu ya chokaa, gramu 5, inabaki chini ya chombo.

Swali likikupa kiasi cha vitu viwili vinavyoingia, jua lazima uulize nani anaisha kwanza. Lekchara hakuandika hiyo 100 cm³ kupamba swali.

Sasa kukagua, na hapa kemia inakupa zawadi ambayo wengi hawaitumii, uzito haupotei. Kilichotumika ni gramu 5 za CaCO₃ na gramu 3.65 za HCl, ambayo ni 0.1 mara 36.5, jumla 8.65. Kilichotoka ni CaCl₂ moli 0.05 mara 111 ambayo ni 5.55, CO₂ ni 2.2, maji ni 0.05 mara 18 ambayo ni 0.9, jumlisha zote, 8.65. Zimelingana, hilo jibu unaweza kulilalia usingizi. Zisingelingana ungejua leo usiku, sio wiki ijayo karatasi ikirudi.

Kwenye taitresheni, pale unapomaliza besi kwa asidi ili ujue mkolezo, mtego mkubwa ni ile fomula ya M₁V₁ = M₂V₂ (mkolezo mara ujazo) ambayo watu wanaitandika kila mahali. Ile ni ya kuzimua myeyusho kwa maji, na kwenye asidi na besi inafanya kazi pale tu uwiano ni moja kwa moja. Mfano 25.0 cm³ za NaOH zimemalizwa na 20.0 cm³ za H₂SO₄ yenye 0.10 M. Ukitandika fomula unapata 0.08 M. Lakini asidi hiyo moli moja inameza moli mbili za NaOH, kwahiyo moli za asidi 0.0020, moli za NaOH 0.0040, gawanya kwa 0.0250 dm³, jibu ni 0.16 M. Kosa la mara mbili kamili, na makisio yangelikamata: NaOH ina ujazo mkubwa kidogo kuliko asidi lakini asidi ina nguvu mara mbili, lazima mkolezo wa NaOH uzidi ule wa asidi. 0.08 iko chini ya 0.10, haiwezekani.

Kwenye gesi ni nyuzijoto. Lazima Kelvini. Hizo moli 0.05 za CO₂ kwenye 27°C na atm 1 ni 0.05 × 0.0821 × 300, kama 1.23 dm³. Ukiweka 27 badala ya 300 unapata 0.11. Kariri tu kwamba moli moja ya gesi kwenye joto la kawaida la chumba inachukua kama 24 dm³, basi 0.05 yake ni kama 1.2 na hiyo 0.11 utaifukuza mwenyewe.

Hesabu

Huku sitakaa sana maana hesabu yenyewe ina njia za kujikagua kila kona, ni kuzitumia tu. Umefanya intigresheni? Fanya difrensiesheni ya jibu lako, lazima urudi ulipotoka. Umepata ∫ x e^(2x) dx = (x/2)e^(2x) − (1/4)e^(2x) + C, haya difrenshieti: kipande cha kwanza kinatoa (1/2)e^(2x) + x e^(2x), cha pili kinatoa −(1/2)e^(2x), zile nusu zinafutana, imebaki x e^(2x). Dakika moja haijaisha. Umetatua mlinganyo? Rudisha x kwenye mlinganyo wa mwanzo kabisa, sio kwenye mstari wa tatu wa kazi yako, maana kosa linaweza kuwa mstari wa pili.

Una wasiwasi na hatua ya aljebra, weka namba ndogo pande zote mbili. Mtu anayeandika (a+b)² = a² + b² angeweka a = 1 na b = 2 angeona kushoto 9 kulia 5, kesi imeisha. Ila usitumie 0 na 1 kwa kila herufi, hizo namba zinaficha makosa mengi.

Maswali ya kutafuta kikubwa au kidogo zaidi yanataka macho zaidi ya fomula. Bati la mraba la sentimita 30 kwa 30, unakata vijimraba vya upande x kwenye kona nne unakunja kuwa boksi lisilo na mfuniko, ujazo mkubwa zaidi ni upi? V = x(30 − 2x)², derivetivu yake ukiifungasha vizuri ni (30 − 2x)(30 − 6x), sifuri zake ni x = 15 na x = 5. Mwingine anaandika zote mbili na kuondoka. Ukikata 15 kila kona bati lote limeisha, hakuna boksi! Chora picha, picha inakwambia x lazima iwe kati ya 0 na 15, kwahiyo ni 5, ujazo ni 5 × 20² = 2000 cm³. Jaribu majirani zake, x = 4 inatoa 1936, x = 6 inatoa 1944, zote ziko chini. Safi.

Na kalkuleta angalia imekaa kwenye digrii au radiani, tafadhali sana. sin 30 kwenye digrii ni 0.5, kwenye radiani ni kama −0.988. Kwenye kalkulasi ni radiani isipokuwa umeambiwa vingine. Kila ukianza kazi piga sin 30 kwanza, ikitoka 0.5 unajua uko wapi. Na −3² Casio nyingi zitakupa −9 maana inapiga kipeo kwanza, ukitaka 9 weka mabano.

Fedha: chora mstari wa muda

Kwenye fedha sheria ni moja, shilingi ya leo na shilingi ya mwaka kesho hazijumlishwi mpaka uzilete siku moja. Kwahiyo kabla ya fomula chora mstari, weka alama 0, 1, 2, 3, chini ya kila alama andika pesa inayoingia na inayotoka, inayotoka weka hasi. Ukishachora nusu ya swali imejibiwa.

Mashine ya kusaga inauzwa milioni 10, itakuingizia milioni 4 mwisho wa kila mwaka kwa miaka 3, alafu haina thamani tena. Kiwango cha kupunguzia ni asilimia 10. Ununue? Kwa kuangalia juu juu unatoa 10 unapata 12, faida milioni 2, mtu anaenda kununua. Haya tuzilete leo, kila mwaka mmoja wa kusubiri gawanya kwa 1.1:

mwaka wa 1: 4,000,000 ÷ 1.1 = 3,636,364
mwaka wa 2: 4,000,000 ÷ 1.21 = 3,305,785
mwaka wa 3: 4,000,000 ÷ 1.331 = 3,005,259

Jumla ni 9,947,408. Toa milioni 10, NPV ni hasi 52,592. Kwa kiwango hicho usinunue. Na uelewe hasi hiyo inasema nini, haisemi utapoteza pesa mfukoni, inasema hiyo milioni 10 ukiiweka mahali inapozaa asilimia 10 kweli utakuwa umefanya vizuri kidogo kuliko mashine. Hiyo sentensi iandike kwenye asaimenti yako, maana swali la "ununue?" linataka uamuzi na sababu, na watu wanaishia kwenye namba tu wanaacha alama mezani.

Kukagua: weka kiwango 0, NPV lazima iwe milioni 2 kamili. Kwa asilimia 10 imeshakuwa hasi kidogo tu, kwahiyo kiwango kinachofanya NPV iwe sifuri, ile IRR, lazima kiwe chini kidogo ya 10. Ukikokotoa inatoka kama 9.7. Mtu akikupa IRR ya asilimia 14 kwa swali hili hata usimuulize kapataje, haiwezekani.

Kingine ni kulinganisha kipindi. Riba ikiwa ya mwaka na malipo ni ya mwezi lazima moja imfuate mwenzake. Mkopo wa milioni 1, riba asilimia 18 kwa mwaka inayohesabiwa kila mwezi kwenye salio linalobaki, unalipa miezi 12 sawa sawa. Kwa mwezi ni 0.015. Rejesho ni 1,000,000 × 0.015 ÷ (1 − 1.015⁻¹²), inatoka kama 91,680 kwa mwezi. Jumla ya riba ni kama 100,160. Wengi wanashtuka kwa nini isiwe 180,000, si ndo asilimia 18 ya milioni? Hapana, kwa sababu deni linapungua kila mwezi, kwa wastani ndani ya mwaka unadaiwa kama nusu ya mkopo na kidogo, kwahiyo riba nayo inakuwa kama nusu ya 180,000 na kidogo. Hiyo ndo makisio yako ya mstari wa tatu, na yanakubali. Ile 180,000 ni ya mkopo ambao riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo bila kujali umeshalipa kiasi gani, hapo rejesho linakuwa 98,333. Mikopo yote miwili tangazo linaweza kuandika "asilimia 18". Hili nakuomba ulielewe hata kama husomi fedha, ipo siku utakaa mbele ya karani na fomu ya mkopo na hamna wa kukuuliza.

Ukikokotoa ratiba ya mkopo kwenye Excel kagua safu ya mwezi wa kwanza kwa mkono, riba 15,000, kilichopunguza deni 76,680, salio 923,320, na safu ya mwezi wa 12 salio lazima liwe sifuri au senti chache. Likibaki na maelfu kuna kitu.

Takwimu, na hapa twende taratibu

Takwimu ndo somo watu wanalochukia bure. Shida sio hesabu, hesabu zake ni za kidato cha pili, shida ni kujua unajibu swali gani. Kabla ya kuchagua jaribio lolote jiulize: nina sampuli ngapi, data yangu ni vipimo au ni hesabu ya watu walio kundi flani, na mchepuko sanifu nimepewa wa kundi zima au nimeupata kwenye sampuli yenyewe? Maswali hayo yanakuchagulia jaribio karibu peke yake.

Mfano. Kiwanda kinasema mfuko wa sembe una kilo 25. Umepima mifuko 16, wastani 24.6, mchepuko sanifu wa sampuli 0.8. Kwa kiwango cha asilimia 5, je wastani wa kweli ni tofauti na 25?

Kosa sanifu ni 0.8 gawanya kwa kipeuo cha 16, yaani 0.8 ÷ 4 = 0.2. Tofauti ni −0.4, kwahiyo takwimu ya jaribio ni −0.4 ÷ 0.2 = −2.0. Sasa unalinganisha na nini? Ukichukua 1.96 ya jedwali la z, lile la mgawanyo wa kawaida, unasema 2.0 imezidi, tunakataa, kiwanda kinadanganya. Lakini mchepuko umeupata kwenye sampuli ndogo ya mifuko 16, hapa ni jedwali la t, la sampuli ndogo, lenye digrii huru 15 (mifuko 16 toa 1), na namba yake ni 2.131. 2.0 haijafika. Hatukatai. Namba zilezile, jedwali tofauti, hukumu imegeuka kabisa.

Hiyo t haikuletwa kutesa wanafunzi. William Gosset alikuwa anafanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, sampuli alizokuwa nazo ni chache, akaona z inamfanya mtu ajiamini kupita kiasi sampuli ikiwa ndogo, akatoa kazi yake mwaka 1908 kwa jina la Student, ndo maana mpaka leo inaitwa t ya Student. Sampuli ndogo inakudanganya hata kuhusu mchepuko wake wenyewe, kwahiyo uzio, yaani eneo unalokisia wastani wa kweli umo, lazima utanuke kidogo. Ukiliona hivyo hutahitaji kukariri lini t lini z.

Kukagua, tengeneza uzio wa asilimia 95: 24.6 kujumlisha na kutoa 2.131 × 0.2, unapata 24.17 mpaka 25.03. 25 imo ndani. Imekubaliana na jaribio. Kwa z uzio ungekuwa 24.21 mpaka 24.99 na 25 ingebaki nje. Njia mbili zikikubaliana uko salama.

Na kwenye hitimisho andika "hatuna ushahidi wa kutosha kusema wastani ni tofauti na kilo 25". Usiandike "tumethibitisha ni kilo 25", haujathibitisha kitu, mifuko 16 tu hiyo.

Uwezekano nao una mtego ambao naupenda kuufundisha kwa sababu ukiutoa kwenye asilimia ukaurudisha kwa watu unafunguka wenyewe. Ugonjwa unao mtu 1 kati ya 100. Kipimo kinakamata 90 kati ya wagonjwa 100, na kwa wazima kinakosea 5 kati ya 100. Umepima umeambiwa unao, uwezekano wa kuwa unao kweli ni ngapi? Mtu anajibu asilimia 90 bila kusita. Sasa chukua watu 10,000. Wagonjwa ni 100, kipimo kinakamata 90. Wazima ni 9,900, asilimia 5 yao ni 495 nao wanaambiwa wanao. Walioambiwa wanao ni 90 + 495 = 585, wagonjwa wa kweli ndani yao 90. 90 ÷ 585 ni kama asilimia 15. Fomula ya Bayes, ile ya kugeuza uwezekano wenye sharti, inatoa jibu hilohilo, lakini ukihesabu watu hautaisahau, na msahihishaji akiona jedwali la watu hao anaelewa umeelewa.

Kompyuta: iendeshe kwa mkono kwanza

Kwenye programu kosa kubwa ni kuandika kodi yote mistari 60 alafu ndo unarun. Andika mistari mitano, run, andika mitano, run. Na kabla hujaandika hata mmoja, chukua mfano mdogo ufanye kwa mkono kwenye karatasi, namba tatu tu, uone wewe mwenyewe kichwani unafanya hatua zipi. Kama hauwezi kuifanya kwa mkono hauwezi kuiambia mashine.

Swali la kawaida, tafuta namba kubwa kwenye orodha:

kubwa = 0
for x in orodha:
    if x > kubwa:
        kubwa = x

Unajaribu na [4, 9, 2] inatoa 9, unafurahi, unatuma. Lekchara anaijaribu na [-3, -7, -1], inatoa 0, namba ambayo hata haimo kwenye orodha. Chora jedwali la kufuatilia, safu ya x, safu ya kubwa: x ni −3, je imezidi 0? hapana, kubwa inabaki 0, x ni −7, hapana, −1, hapana. Kosa liko mstari wa kwanza. Anza na kubwa = orodha[0], alafu jiulize orodha ikiwa tupu itakuwaje, hapo Python italalamika kwa hiyo orodha[0], kwahiyo weka sharti juu yake. Kila programu ijaribu na vitu hivi: tupu, kimoja, vyote sawa, hasi, na mwisho wa orodha. Alama nyingi za programu zinapotelea kwenye hizo pembe.

Ujumbe wa kosa usome, watu wanaufunga kama tangazo. Kwenye Python anza mstari wa mwisho, unakwambia kosa ni la aina gani, alafu panda juu kidogo uone namba ya mstari. Na usilinganishe desimali kwa ==, maana 0.1 + 0.2 kwenye Python inatoa 0.30000000000000004, linganisha kama tofauti ni ndogo sana.

Maswali ya kasi ya algorithimu nayo yana makisio. Kutafuta kwa kugawa nusu kwenye orodha iliyopangwa ya vitu 1,000,000 inachukua hatua zisizozidi 20, kwa sababu 2 kipeo cha 20 ni 1,048,576. Ukipata 500,000 umehesabu kutafuta kimoja kimoja.

Kuomba msaada bila kunyimwa akili

Diskasheni ni nzuri ila kila mtu aje ameshajaribu, hata kama kakwama mstari wa pili. Anayekuja mikono mitupu anaondoka na kopi, na kopi haimsaidii siku ya mtihani. Ukienda kwa TA, msaidizi wa lekchara, usiseme "sijaelewa swali la 3", mwonyeshe karatasi mwambie "mpaka hapa nimefika, hapa sielewi kwa nini tunagawanya kwa kipeuo cha n", atakusaidia kwa dakika tano na atakukumbuka vizuri.

Akili mnemba sasa kila mtu anayo kwenye simu na sitakwambia usiitumie. Ila fanya kwanza wewe, alafu ipe kazi yako uiulize kosa liko hatua ya ngapi, bila kukupa jibu. Ikikupa jibu lipitishe kwenye ukaguzi uleule, uzito unalingana? derivetivu inarudi? NPV kwa kiwango 0 iko sawa? Zinakosea, na zinakosea kwa lugha nzuri yenye kujiamini, ndo hatari yake. Na soma sheria za kosi yako, kuna lekchara anaruhusu na kuna ambaye ukikutwa ni kesi ya kamati.

Karatasi ikirudi usitazame alama tu ukaifungia kwenye begi. Yale uliyokosa yarudie siku hiyohiyo kwenye karatasi nyeupe, bila kuangalia masahihisho, alafu badilisha swali mwenyewe: kwenye ile ya chokaa ongeza asidi iwe 300 cm³ uone nani anaisha sasa, kwenye mashine ya kusaga shusha kiwango kiwe asilimia 9, kwenye sembe pima mifuko 64 badala ya 16 na wastani uleule. Nakuachia hayo matatu, yafanye leo kabla ya kulala, na makisio uyaandike kwanza.